Kutu Ndani ya Nyumba

Kwaru. Kwaru. Kwaru-kwaru.

Nyaguthii alifungua macho gizani akasikiliza. Jogoo wa jirani alikuwa hajawika, na hata boda boda wa kwanza wa mtaa wa Pioneer alikuwa hajawasha chombo chake. Sauti ilitoka upande wa jikoni, kama ya kitu kinachokwaruza bati polepole, bila haraka, kwa raha zake.

Panya, alijiambia, na mate ya kuchukizwa yakamjaa mdomoni. Panya waliingia nyumba hii pamoja na ile pikipiki. Kabla yake alikuwa akiacha unga wazi mezani na asubuhi anaukuta ulivyo. Alinyoosha mkono ili amwamshe mumewe aende akawafukuze, lakini upande wa Muigai ulikuwa mtupu na shuka limeshapoa.

Basi si panya. Ni mwenye panya.

Alijifunika blanketi hadi kichwani. Hakutaka kujua mzee anakwaruza nini saa hizo. Ukiishi na mtu miaka mingi unajifunza kuna mambo ya kuamkia na mengine ya kulalia.

Pikipiki yenyewe ilikuja wakati wa kuvuna mahindi, ikiwa imelazwa nyuma ya pikapu kama ng'ombe aliyekufa. Muigai aliitoa kwenye kibanda cha kuku, shamba moja karibu na Burnt Forest, ilikokuwa imesimama tangu mwenyewe alipofariki. Ilikuwa ya Kiingereza, ya zamani sana, yenye taa moja kubwa ya mviringo na tangi lenye umbo la tone la maji. Hayo aliyasema Muigai. Nyaguthii aliona kitu kingine. Aliona mavi ya kuku yaliyoganda juu ya tangi kama plasta. Aliona kiti kilichotafunwa, na ndani ya sponji yake manyoya, mabua na vitu vidogo vyeupe ambavyo hakutaka kuvitazama mara ya pili. Na harufu! Ilikuwa ya kinyesi, ya oili iliyooza na ya chuma kilichokojolewa na wanyama wengi. Muigai aliikumbatia kwa mikono miwili kuishusha, na shavu lake likagusa usukani.

"Mzee, hicho kitu kinanuka."

"Ya kale ni dhahabu, mama."

"Dhahabu hainuki."

"Jungu kuu halikosi ukoko."

"Ukoko uko wapi? Mimi naona kutu na mavi."

Akipenda, chongo huita kengeza. Mzee aliiweka kwenye stoo iliyopakana na jikoni, kwa sababu nje ingenyeshewa. Tangu hapo Nyaguthii hakuwa na amani. Alikuta kabureta imelowekwa kwenye sufuria yake ya chai. Alikuta karai la kufulia limejaa maji meusi yenye ngozi inayong'aa rangi rangi. Siku moja Mwihaki, mjukuu wao, aliuma kitu kwenye githeri ya mahindi na maharagwe, akakitoa mdomoni, akakiweka juu ya meza. Ilikuwa nati.

"Hiyo ndiyo nimekuwa nikitafuta!" alisema Guka, babu yake, kwa furaha, akaipangusa kwa shati na kuondoka nayo. Mwihaki alicheka hadi machozi. Nyaguthii aliimwaga githeri yote kwa mbwa, na mbwa akainusa akaenda zake.

Vijana wa boda boda walikuja kuitazama mlangoni. Walimuuliza kwa nini asinunue mpya, ya kubeba abiria, imletee kitu kidogo.

"Hizo zenu ni za kubeba watu na magunia," Muigai aliwajibu. "Hii ni ya kusikilizwa."

"Na inasema nini, Guka?"

"Bado haijaongea. Ikiongea mtakuja wenyewe."

Hapakuwa na ubaya mwingine katika mzee huyu, na Nyaguthii hakuwa mtu wa kusahau wema. Kila jioni Muigai alimpashia maji ya kuoga na kumpelekea bafuni mwenyewe, tangu mgongo wake ulipoanza kumsumbua. Hakuwahi kukosa hata jioni moja. Sasa hayo maji nayo yalinuka mafuta taa. Aliyaoga hivyo hivyo, amebana pua, akimshukuru kwa sauti na kumlaani kimoyomoyo.

Ile asubuhi ya kukwaruza ilikuwa Jumatatu, na Jumamosi yake walitarajia wageni.

Hao hawakuwa wageni wa kawaida. Mwihaki alikuwa amempata kijana, Collins, mwalimu kutoka upande wa Plateau. Alikuwa Mkalenjin, mpole, mwenye kuinama akisalimia wazee. Alikuwa anamleta baba yake na bibi yake waje kuwajua watu wa msichana. Mama yake Mwihaki alifariki mtoto akiwa mdogo, kwa hiyo watu wa msichana walikuwa ni hawa wazee wawili, na nyumba yao, na harufu yake.

"Cucu, nikwambie ukweli?" Mwihaki alimwambia bibi yake, akichambua mboga bila kumtazama. "Kuna watu kwao wamesema, kwani wasichana wetu wameisha? Wamesema mtoto anaenda kuoa kwa Wakikuyu, kesho kukitokea kitu itakuwaje."

"Na baba yake?"

"Baba yake hasemi. Anangoja mama yake aseme, yule bibi wanayemwita Kogo. Kogo akikubali wote watakubali. Asipokubali, Collins anasema atanioa tu, lakini mimi sitaki kuingia boma ambalo hawanitaki. Nitaacha, Cucu. Nimeshaamua."

Nyaguthii alimtazama mtoto aliyemlea, akaona kwamba hachezi. Naye alijua maana ya kukaa mahali usipotakiwa. Walikuwa na shamba Burnt Forest, waliloliacha mwaka ule wa fujo za baada ya uchaguzi wakiwa juu ya lori na nguo za mwilini tu, Mwihaki akiwa amelala magotini pake. Nyumba ilichomwa. Kitu kimoja tu kutoka kwenye nyumba ile kiliwafuata. Jirani yao, Mama Jeruto, Mkalenjin, alikichukua kabla ya moto, akakifunga ndani ya sweta, akakituma na lori la viazi hadi Eldoret. Kilikuwa kibuyu cha maziwa pamoja na brashi yake. Jeruto ndiye aliyemfundisha kutengeneza mursik, maziwa ya kugandisha kibuyuni, miaka hiyo ya nyuma, wakiwa wawili kwenye ua, wakicheka.

"Nitawapa mursik," Nyaguthii alisema.

"Cucu! Wewe?"

"Mimi. Huyo Kogo akionja atajua hatukuishi nao kama mawe."

Mchana ule ule alianza kazi. Brashi ya kibuyu, ambayo Wakalenjin wenyewe huiita sosiot, ni ufito mrefu uliopondwa ncha hadi ukatoa nywele ngumu, nao hupinda kidogo ukaweza kufika kila kona ya tumbo la kibuyu. Aliitoa msumarini ilipokuwa imetundikwa. Ilikuwa na unyevu. Alidhani Mwihaki ameiosha, akamshukuru moyoni. Aliisogeza puani, kama Jeruto alivyomfundisha, maana kibuyu hakitaki mchezo. Lakini pua ya Nyaguthii ilikuwa imelala miezi mingi ndani ya mafuta taa, ikala ndani yake, ikaoga ndani yake. Haikumwambia lolote. Alichoma kijiti cha mti wa senetwet, akaingiza makaa kibuyuni, akasugua na kusugua mpaka ndani kukawa kweusi na laini. Akachemsha maziwa, akayapoza, akayamimina, akaziba, akaweka kibuyu pembeni pa giza, akakiombea.

Jumamosi Muigai alivaa suti. Alikuwa amesugua kucha kwa limau na bado zilikuwa na ukingo mweusi, kama mtu aliyezika maiti kwa mikono.

"Leo hutaingia stoo," Nyaguthii alimwambia.

"Sitaingia."

"Hutaitaja."

"Nitaanzaje kuitaja, mama? Imefunikwa turubali."

Wageni walifika saa za mchana. Baba yake Collins, Jackson, alikuwa mtu mkubwa mwenye koti zito na uso usiosema kitu. Kogo Jerop alikuwa mwembamba, mrefu, amejifunga leso kiunoni juu ya nguo ya kanisani, macho yake makali kama ya ndege.

"Chamgei, Kogo," Nyaguthii alisalimia kwa Kikalenjin.

"Chamgei mising," alijibu yule bibi, na nyusi zikapanda kidogo. Aliushika mkono wa Nyaguthii kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Lakini wanaume walikuwa kazi. Waliketi kuelekeana kama magunia mawili ya mahindi. Walisema mvua imechelewa. Walikubaliana mbolea haipatikani. Jackson alitaja kwamba aliwahi kuwa na ng'ombe upande wa Burnt Forest, Muigai akasema hata yeye, na baada ya hapo hakuna aliyejua pa kuweka macho. Collins alikohoa. Mwihaki alitoka kwenda kuangalia chapati ambazo zilikuwa zimeshaiva.

Nyaguthii akaleta kibuyu.

Alikitikisa, akamimina kikombe cha kwanza kwa Kogo, kama inavyopasa. Maziwa yalitoka mazito, ya rangi ya majivu mepesi, mazuri kutazama. Kogo aliyapokea kwa mikono miwili. Alikunywa. Akatulia. Macho yake yalijaa maji, na Nyaguthii moyo ukampanda kwa furaha: amekumbuka kwao. Kogo aliinua tena kikombe na kukimaliza chote, mkupuo mmoja, akakiweka chini taratibu.

Nyaguthii alinyoosha kibuyu kwa Jackson. Mkono wa Kogo ulikuwa tayari umefunika kikombe cha mwanawe.

"Huyu tumbo lake linasumbua siku hizi. Mpe chai."

"Tumbo langu?" Jackson alisema.

"Tumbo lako," alisema mama yake.

"Basi Collins..."

"Collins ni kijana, atakunywa siku nyingine. Lete hicho kibuyu hapa, mama. Nimekipenda. Kikae na mimi."

Alikichukua akakiweka katikati ya miguu yake, akakibana kwa magoti. Nyaguthii alitamani Jeruto angekuwepo aone. Kogo mzima wa Plateau anawanyima watoto wake mursik ya Nyaguthii! Aliingia jikoni kumwambia Mwihaki aandae chapati.

Aliporudi alimkuta Jackson amenyanyua pua juu kama mbwa wa kuwinda.

"Mzee, hapa ndani kuna kitu cha petroli?"

Nyaguthii alimtazama mumewe kwa macho ambayo mtu mwenye akili angeyaelewa. Muigai alijaribu. Alishika magoti yake. Akatazama dari.

"Ni pikipiki," alisema kwa sauti ndogo.

"Pikipiki gani?"

"Ya zamani. Ya Kiingereza. Silinda moja."

Jackson akaegemea mbele, kiti kikalia. "Ile ya mlio mzito? Du, du, du, kama mtu anapiga mlango?"

"Ile ile."

"Unayo *wewe*? Iko wapi?"

Wakasimama pamoja. Magunia mawili yakaota miguu. Collins naye akawafuata, na sebule ikabaki na wanawake wawili na kibuyu. Nyaguthii alihisi uso ukimwaka moto kwa aibu. Mtoto anatafutiwa nyumba, na wazee wanakimbilia kutazama kutu!

"Niambie choo kiko wapi, mama," Kogo alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka.

Nyaguthii alimpeleka nyuma ya nyumba, Kogo akiwa bado amekumbatia kibuyu, jambo ambalo lilimshangaza. Hawakufika chooni. Kwenye ua wa misonobari Kogo alimkabidhi kibuyu, akashika mti mmoja, akainama, akatapika. Alitapika mara nyingi, mwili wote mwembamba ukikunjuka na kukunjika. Nyaguthii alimshika paji la uso kwa kiganja, kama alivyomshika Mwihaki utotoni, na kwa mkono mwingine alizuia leso isichafuke. Harufu iliyopanda kutoka kwenye nyasi aliifahamu.

"Pole. Pole, Kogo. Ni nini? Unaumwa?"

Kogo alijifuta mdomo. "Maziwa yako yana mafuta taa, mama."

Nyaguthii hakuamini. Aliingiza kidole kwenye shingo ya kibuyu, akakiweka ulimini. Ulimi wake haukuwa umelala kama pua. Ladha ilimgonga nyuma ya koo: mafuta taa, na nyuma yake chuma, na nyuma ya chuma ule uozo wa kibanda cha kuku. Na hapo, mbele ya ule ua, aliisikia tena kichwani sauti ya Jumatatu. Kwaru, kwaru. Bati. Tumbo la bati lenye kona. Brashi yenye unyevu.

Alichukizwa kuliko alivyowahi kuchukizwa na lolote. Kitu kilichookolewa kabla ya moto ndani ya sweta ya Jeruto kilikuwa kimesugua uchafu wa panya na kuku, kisha kimesugua kibuyu, kisha kimeingia mwilini mwa mama wa watu. Lakini kabla chuki haijamaliza kupanda, woga uliipita. Mwanamke wa Kikuyu amempa bibi wa Kikalenjin maziwa yenye mafuta taa. Nani angengoja kuuliza kwa nini? Neno lingefika Plateau kabla ya gari. Lingefika Burnt Forest.

"Kogo, sikujua. Haki ya Mungu sikujua. Tazama!"

Akainua kibuyu kwa mikono miwili, akakielekeza mdomoni, akaanza kunywa. Alikuwa amemeza mara mbili Kogo alipokipokonya, maziwa yakawamwagikia wote vifuani.

"Wacha ujinga! Tukitapika wawili nani atapika chai?"

"Nataka uamini..."

"Kwani nimesema siamini? Ningekuwa siamini ningepiga kelele pale sebuleni. Nimebana hiki kitu na magoti mpaka yameuma." Alivuta pumzi. "Mtu wa kukuwekea sumu haanzi kusugua kibuyu vizuri hivi. Mkaa wako ni mzuri. Sasa niambie ni nini kilitokea."

Nyaguthii alimshika mkono akampeleka jikoni kwa mlango wa nyuma, wakati Mwihaki akipanga vyombo sebuleni, akamwonyesha brashi msumarini. Waliipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Katikati ya zile nywele, chini kabisa zilikoshikana na ufito, kulikuwa na unga mwekundu wa kutu.

Kogo aliishika kwa ncha za vidole viwili kama mtu anayeshika mkia wa panya. "Sosiot," alisema. "Ndani ya tangi." Akatikisa kichwa polepole. "Marehemu mzee wangu alikuwa na baiskeli. Siku moja alichemsha mnyororo kwenye sufuria yangu ya ugali, na akaniambia ugali hautajua. Nilimlisha ugali huo peke yake wiki nzima."

"Na akala?"

"Akala! Na akauliza mbona una chumvi."

Nyaguthii alicheka, na kicheko kikamwishia kooni kama kitu kinataka kurudi juu. Kogo alimpigapiga mgongoni. Kisha wakatoka uani, bibi mmoja na kibuyu, mwingine na brashi.

Pikipiki ilikuwa imesukumwa hadi nje ya stoo. Jackson alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya suti, sikio amelibandika kwenye injini kama daktari. Collins alishika tochi ya simu. Muigai alisimama juu yao, na wakati ule hakuwa anawaona wanawake.

"Nikiwa kijana, mkaguzi wa maziwa alikuwa na moja kama hii," alikuwa akisema. "Alikuja kila Ijumaa pale kwenye chama cha wakulima. Mimi ndiye nilikuwa naiosha. Naipangusa mpaka naona meno yangu kwenye tangi. Siku moja nikamwomba nikalie tu, hata bila kuwasha. Akaniangalia miguu, akaniambia, hapana, utaichafua."

"Utaichafua!" Jackson alisema kutoka chini.

"Hivyo tu. Utaichafua."

Nyaguthii alisimama. Maisha yao yote hakuwahi kusikia jambo hilo. Alimwona kijana peku, na mtu mwenye viatu akimtazama vile yeye alivyokuwa akilitazama lile chuma, na kwa dakika moja chuki yake ikapoteza njia, ikamwendea yule mkaguzi popote alipozikwa. Halafu akahisi ladha ulimini, ikarudi nyumbani.

"Jaribu sasa, mzee," Jackson alisema. "Piga kwa nguvu."

Muigai alipanda, akainua mguu wa suti, akakanyaga. Kitu kikakohoa. Akakanyaga tena. Pikipiki ikatoa mlipuko kama bunduki, na kutoka kwenye ekzosi, palepale alipokuwa Jackson, likaruka kiota kizima: mabua, manyoya, matambara, na vitoto vya panya vikavu, vyeusi, vilivyosinyaa kama ngozi za maharagwe. Vilimwagika kifuani na magotini pa baba wa bwana harusi. Halafu moshi mweusi ukamfunika.

Nyaguthii alifumba macho. Mungu wangu, alisema moyoni, basi imeisha.

Alipofumbua, Jackson alikuwa anacheka. Alicheka amekaa chini, miguu ameinyoosha, kitoto cha panya kimekwama kwenye mfuko wa koti. "Umesikia? Umesikia? Du, du! Imeongea!" Na Muigai alikuwa ameshikilia usukani, machozi yakimtiririka, naye akicheka kama mwendawazimu. Walikuwa wachafu na wamefurahi.

"Mzee Muigai," Kogo alisema.

Wakageuka.

"Tangi ni safi sana. Ndani umesafisha na nini?"

Uso wa Muigai uling'aa. Hatimaye mtu ameuliza! "Ah, Kogo, hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Kutu ilikuwa imejaa, na waya haufiki kwenye kona. Nikafikiri: tangi si ni kibuyu tu, ila cha chuma? Nikachukua ile brashi ya kibuyu, na mafuta taa, nika..."

Aliiona brashi mkononi mwa Kogo. Akaona kibuyu mkononi mwa mkewe. Akaona vifua vyao viwili vilivyolowa maziwa.

"Niliiosha na sabuni," alisema.

Mwihaki alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia ya chapati, na rangi ilikuwa imemtoka.

Jackson aliinuka polepole. Kicheko kilikuwa kimeondoka chote, na sasa alikuwa mkubwa tena kama alivyoingia. "Mama. Ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Mama yangu amekunywa mafuta taa katika nyumba hii."

*Katika nyumba hii.* Wote waliisikia. Mkono wa Muigai uliteleza kutoka kwenye usukani.

"Jackson," Kogo alisema. "Una panya mfukoni. Jipanguse kwanza, halafu ukasirike."

Jackson akajitazama. Akakitoa kitoto cha panya, akakitupa, akatafuta pa kufuta vidole, hakuona.

"Nimekunywa kikombe kimoja, nimetapika, niko hapa," Kogo aliendelea. "Huyu mama alitaka kumaliza kibuyu chote ili mimi nisilale na wasiwasi. Sijaona mtu akifanya hivyo, hata kwetu. Na nyinyi mlikuwa wapi? Mlikuwa mnabusu ekzosi. Sasa kama kuna mtu ana neno juu ya msichana wa nyumba hii, aniambie mimi."

Jackson alifuta vidole kwenye suruali yake. Muigai alivua kofia yake akasogea mbele.

"Kogo, nimekosa."

"Usiniambie mimi peke yangu."

Muigai akamgeukia mkewe. "Nyaguthii, nitatafuta nyingine. Nitaenda Burnt Forest mwenyewe."

"Usiguse brashi nyingine yoyote," Nyaguthii alisema. "Hata kwa macho."

Aliichukua ile ya Jeruto kutoka kwa Kogo. Hakuna sabuni ambayo ingeitoa uchafu ule, alijua. Aliiingiza kwenye jiko, na ikashika moto mara moja, kwa mwali mkubwa wa njano wenye masizi, kwa yale mafuta iliyokuwa imenywa. Alisimama pale mpaka ikaisha. Muigai alibaki nyuma yake, hakuthubutu kumgusa, lakini alimletea maji ya kusukutua kinywa, na kikombe alikuwa amekiosha mara tatu, akikinusa kila mara. Aliyapokea.

Walikula. Chapati zilikuwa nzuri, na Kogo alikula mbili, kwa makusudi, huku akimtazama mwanawe. Aliuliza Mwihaki kama anajua kukamua. Mwihaki alisema anajua kidogo. "Utajua sana," Kogo alisema. "Msichana wetu hawezi kujua kidogo." Mwihaki akainamisha kichwa, na Nyaguthii alilazimika kutoka nje kwenda kukagua kuku ambao hawakuwa na shida.

Jioni wageni walipokuwa wanaondoka, wanaume walichelewa tena kwenye stoo. Walikuwa wanazungumzia kabureta. Jackson alisema lazima ifunguliwe upya, Muigai akasema ana sindano yake mahali, Jackson akasema ana gasketi nyumbani kwake, ya zamani, aliyoihifadhi tu bila kujua ya nini. Mikono yao wote wawili ilikuwa imerudi kuwa myeusi.

"Hao wameoana kabla ya watoto," Kogo alisema.

"Sasa nitakuwa nao wawili," Nyaguthii alisema, na mate ya kuchukizwa yakamjaa mdomoni. "Mmoja alinishinda."

Alimsaidia Kogo kupanda gari, akamfunika magoti kwa leso kavu, yake mwenyewe, kwa kuwa ile ya mgeni ilikuwa imelowa. Gari likawashwa. Hakuondoa mkono kwenye mlango. Koo lake lilikuwa bado na ile ladha, na alijua Kogo pia anayo, na kwamba ndiyo angefika nayo nyumbani.

"Kogo," alisema, "hujanywa maziwa kwangu. Ulichokunywa leo hakikuwa maziwa. Urudi. Hata kama ni wewe peke yako, hata bila sababu, urudi unitembelee tena."